Kuifufua laptopu ya zamani: maswali ninayoulizwa karibu kila wiki

Maswali haya nimeyakusanya kwa majirani, kwa wanafunzi wa chuo, na kwa watu walionunua laptopu za mtumba Kariakoo wakarudi nyumbani wakakuta zinachukua dakika tano kuwaka. Mifano mingi ni ya Lenovo ThinkPad T430 ya mwaka 2012, kwa sababu ndiyo ninayoitumia mwenyewe, na ya HP EliteBook 840 G1 na G2, kwa sababu hizo ndizo zinazotua mezani kwangu kila mara. Kama yako ni nyingine, mambo mengi ni yale yale. Tofauti ziko kwenye vipimo na viungio.

Laptopu yangu ni nzito mno. Nianze na nini, RAM au diski?

Diski. Watu wengi huja wameshaamua kwamba shida ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, kwa sababu neno hilo ndilo wanalolisikia madukani. Kabla hujatoa hela, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja mara tu Windows inapomaliza kuwaka, kisha tazama safu ya diski kwenye dirisha litakalofunguka. Ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku hujafungua chochote, jibu umelipata.

Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachokimbia huku na huko kama kondakta anayetafuta chenji ya abiria wote kwa mpigo. Mzunguko mmoja tu wa sahani unakula milisekunde 11 hivi. Windows ikiwaka inaomba vifaili vidogo vidogo kwa maelfu, kila kimoja mahali pake, na kila ombi linasubiri sahani ifike. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina sahani wala kichwa, haisubiri chochote kizunguke. Kwa faili moja kubwa tofauti ni ya mara tano hivi, yaani kama megabaiti 100 kwa sekunde dhidi ya 500. Kwa vifaili vidogo, ambavyo ndivyo vinavyokukera asubuhi, pengo ni kubwa kuliko hapo kwa mbali sana.

T430 yangu ilikuwa inanipa muda wa kuchemsha chai kabla haijawaka. Nilipoweka SSD sikubadilisha kitu kingine chochote kwa miezi minane, na sikuona sababu ya kubadilisha.

Kuna SSD za maumbo mengi. Nitajuaje inayoingia kwangu?

Ya kawaida ni ya inchi 2.5. Ina umbo lile lile la diski uliyoitoa, kiungio ni kile kile cha SATA, inaingia na kufungwa kwa skrubu zile zile. Kwa T430, 840 G1, 840 G2 na laptopu nyingi za kati ya 2008 na 2016, nunua hiyo na usijisumbue.

Shida huanza kwenye zile zinazofanana na kipande cha chingamu ya bazooka. Ziko za aina tatu na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mSATA, fupi na pana. T430 ina sloti yake, ambayo ilikusudiwa kadi ya laini ya simu. Inafanya kazi, ila kwa nusu ya kasi ya SATA ya kwenye nafasi kuu. Ya pili ni M.2 ya SATA. Ya tatu ni M.2 ya NVMe, ambayo ndiyo yenye kasi kubwa. Hizi mbili za mwisho ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa kutupa jicho tu. Angalia mkato kwenye meno ya dhahabu: NVMe kwa kawaida ina mkato mmoja, za SATA huwa na miwili. Lakini hata mkato si ushahidi kamili, soma maandishi kwenye stika.

Tena pima urefu. Namba 2280 maana yake milimita 22 kwa upana na 80 kwa urefu. Sloti ya M.2 ya 840 G1 inataka 2242, kipande kifupi cha milimita 42, na cha SATA. Kijana mmoja aliniletea NVMe ya 2280 aliyoambiwa "inaingia HP zote". Ilibidi airudishe dukani na kununua ya inchi 2.5, ambayo ilikuwa rahisi zaidi vilevile.

Ukubwa gani unatosha?

GB 240 au 256 kwa mtu wa Word, intaneti na muziki kiasi. GB 500 kama unahifadhi video. Chini ya 240 usinunue. Ile ya 120 utaijutia baada ya masasisho mawili ya Windows.

Nimeuziwa SSD ya terabaiti 2 kwa bei ya kutupa. Nimebahatika?

Hapana, pole sana. Nami niliingia mkenge huo, yangu ikiwa ya TB 1. Duka nilipitishwa na rafiki, kasha lilikuwa zuri, linang'aa, jepesi kama karatasi. Windows ililisoma vizuri kabisa: TB 1. Nikajaza picha za harusi ya dada yangu. Baada ya GB 60 hivi, picha mpya zikawa zinaonekana kwa jina tu. Ukifungua, kijivu kitupu. Nililipasua kasha kwa kisu cha jikoni. Ndani, kwenye kasha kubwa la inchi 2.5, kulikuwa na kibao kidogo cha kijani cha saketi na kadi ya simu, ile ile ya microSD, imegandishwa kwa gundi ya moto.

Kilichofanyika ni kwamba kifaa hudanganywa kitangaze ukubwa kisio nao. Kikijaa, data mpya huandikwa juu ya ya zamani au hupotelea hewani. Kipime kabla hujakiamini: kwenye Windows kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw, kwenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, kuna F3. Zote zinajaza kifaa kizima kisha zinasoma kilichoandikwa kama kipo. Itachukua saa kadhaa. Ukienda kununua, mwambie muuzaji waziwazi kwamba utapima na utarudi. Anayeuza mali halali hatajali.

Tuje kwenye RAM. Kiasi gani?

GB 4 siku hizi ni dhiki. Kivinjari peke yake chenye kurasa kumi kinaimaliza. GB 8 inamtosha mtu wa kawaida. GB 16 ni ya anayehariri picha, anayeandika programu, au anayefungua kurasa 60 na kukataa kata kata kuzifunga. Zaidi ya hapo T430 haikubali, kikomo chake ni GB 16.

Kabla ya kununua hakikisha una Windows ya biti 64. Ya biti 32 haivuki GB 4 hata ukiiwekea kumi na sita, na bado nakutana nazo kwenye mashine za mtumba.

DDR3, DDR3L, DDR4... si zote ni RAM?

Ni RAM zote, lakini hazibadilishani nafasi. DDR3 ya laptopu ina meno 204, DDR4 ina 260, na mkato hauko mahali pamoja, kwa hiyo ukijikuta unasukuma kwa nguvu, acha. Hiyo siyo yake.

Mtego wenyewe uko kati ya DDR3 na DDR3L, kwa sababu hizi zinaingia sloti moja bila ubishi. DDR3 inatumia volti 1.5, DDR3L volti 1.35. T430 inapokea zote mbili. EliteBook 840 G1 na wenzake wenye prosesa (chipu kuu) za Intel za kizazi cha nne zenye herufi U mwishoni wanataka DDR3L tu. Ukiwawekea ya volti 1.5, mara nyingi skrini inabaki nyeusi na wewe unabaki kudhani umeua mashine. Tazama stika: PC3L ndiyo DDR3L, PC3 bila L ndiyo ile nyingine. Ukiwa na shaka nunua yenye L, kwani hata T430 inaikubali.

Ukiweza, weka vipande viwili vya ukubwa mmoja badala ya kimoja. Nyingi ya laptopu hizi hazina kadi ya picha ya peke yake, zinaazima RAM kwa ajili ya skrini, na vipande viwili vinaisaidia kusoma pande zote mbili kwa pamoja. Kuchanganya 4 na 8 si dhambi. Inafanya kazi, ila zote zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole.

Mbona fundi ameniambia RAM yangu haiongezeki?

Huenda anasema kweli. Nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi. ThinkPad T440s ina GB 4 zilizochomelewa na sloti moja tu. X240 ina sloti moja. MacBook Air zote zimechomelewa, na MacBook Pro za Retina vilevile. MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya 2012, ile nene yenye sehemu ya DVD, unaweza kubadilisha RAM na diski bila taabu, ndiyo maana watu bado wanaing'ang'ania.

Kujua bila kufungua: kwenye dirisha lile la Ctrl, Shift na Esc, ukibonyeza sehemu ya kumbukumbu utaona sloti ni ngapi na ngapi zimetumika.

Ninaweza kufungua mwenyewe?

Kwa diski na RAM, ndiyo. 840 G1 haihitaji hata bisibisi: unasogeza kitasa, kifuniko cha chini kinateleza, kila kitu kiko mbele yako. T430 inataka bisibisi moja ya nyota.

Zima kabisa, siyo kulaza. Chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma chochote kikubwa, fremu ya dirisha inatosha, ili mwili wako usirushe cheche kwenye chipu. Usifanyie kwenye zulia.

Kuhusu skrubu: chukua karatasi, chora umbo la laptopu, kila skrubu unayotoa ibandike kwa selotepu mahali ilipotoka. Utaona ni mambo ya kitoto hadi siku moja ikuangukie, ipige sakafu, na usikie inaviringika kuelekea chini ya kabati.

RAM huingia ikiwa imeinama kama digrii 30, unaisukuma hadi meno ya dhahabu yamezama, kisha unailaza mpaka vishikio vya pembeni vilie "tak". Kisiposikika kimoja, bado.

Data zangu nitazihamishaje?

Njia mbili. Ya kwanza, kunakili diski nzima: unanunua waya wa SATA kwenda USB, unaiunga SSD nje, unatumia programu kama Clonezilla, halafu unazibadilishana. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipenda, ni kuweka Windows upya kwenye SSD tupu kisha kuhamisha faili zako tu. Laptopu ya mtumba imebeba takataka za ofisi iliyotoka na za kila aliyeishika baadaye. Kwa nini uzihamishie nyumba mpya? Leseni ya Windows 10 iliyokwisha kuamilishwa inatambua mazabodi, haipotei kwa kubadili diski.

Diski kuukuu usiitupe. Itie kwenye kasha la USB iwe ghala la picha. Kwenye T430 unaweza pia kuitoa DVD na kuweka kitrei cha milimita 12.7 chenye diski hiyo. Ukiamua kuiuza, ifute kweli kweli. Kuburuta faili kwenye pipa la taka si kufuta.

Na prosesa je?

Kwenye T430 inawezekana, imekaa kwenye soketi. Wapo wanaotoa i5-3320M yenye viini viwili na kuweka i7-3632QM yenye vinne, ambayo nayo ni ya wati 35. Lakini kwa 840 na karibu kila laptopu nyembamba iliyofuata, prosesa imechomelewa, mjadala umeisha.

Mimi sishauri hata kwa T430. Hela hiyo na ya SSD zinakaribiana, na tofauti utakayoiona ukiandika barua ni sifuri.

Inapata joto kali na feni inalia kama bajaji.

Hili ndilo tatizo la Dar es Salaam hasa. Joto, vumbi, na laptopu inayofanyia kazi juu ya godoro. Ndani ya njia ya hewa hujijenga mkeka wa vumbi mzito kama kitambaa cha blanketi, upande ule usiouona, kati ya feni na mapezi ya shaba. Kupuliza kwa nje hakutoshi. Feni itolewe, mkeka uvutwe kwa kibano. Kwenye 840 moja iliyotoka Mbagala nilikuta mende watatu wakavu na mayai. Mwenyewe alikuwa ameshanunua RAM mpya akidhani ndiyo dawa, kwa sababu prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na mtumiaji huona uzito tu.

Ukishaufungua ule mfumo wa shaba, lazima ubadilishe pesti ya prosesa, ile ya kijivu ya kupitisha joto. Futa ya zamani kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya mchele. Wengine wanaipaka kama siagi kwenye mkate, na ikishavuka mipaka inachafua kila kitu.

Betri inakaa dakika 20. Ninunue yoyote inayofanana?

Pima kwanza. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotengenezwa. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ukikuta 56,160 upande mmoja na 19,000 upande wa pili, betri imekula chumvi nyingi.

Kwa ThinkPad za 2012, T430 ikiwemo, kuna kikwazo: mashine yenyewe hukagua betri, na ile isiyoitambua kama halali inakataa kuichaji. Muulize muuzaji kama atairudisha ikikataliwa, na ujibiwe kabla ya kulipa. Kwa sisi wa umeme wa kukatika, betri ndiyo inayookoa barua uliyokuwa ukiiandika, kwa hiyo hata ya saa moja ni mali.

Betri iliyovimba, touchpadi ikaanza kuinuka, usiibonyeze wala kuitoboa. Acha kuichaji leo hii.

Chaja yoyote yenye mdomo unaoingia inafaa?

Volti zilingane: Lenovo hizi volti 20, HP volti 19.5. Wati zisipungue zile za chaja ya asili, zikizidi hakuna shida. HP ina sindano katikati ya mdomo inayozungumza na mashine. Ikivunjika, utaona laptopu inawaka lakini haichaji, au inatembea kwa kujikokota.

Waifai inapoteza mtandao. Nibadilishe kadi?

Kwenye T430 na HP za kipindi hicho, BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka nyingine, T430 inagoma kuwaka na kukuandikia kosa namba 1802. Nunua kifaa kidogo cha waifai cha USB, maisha yaendelee.

Nikiiboresha nitaweza kuweka Windows 11?

Siyo kwa njia rasmi. Microsoft wanataka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache. T430 ni kizazi cha tatu, 840 G1 cha nne, G2 cha tano. RAM na SSD havibadilishi hilo. Zipo njia za kuzunguka ukaguzi huo, nimezifanya kwa watu, ila huahidiwi masasisho.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wameweka mpango wa nyongeza ya ulinzi kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo, kwa mashine hizi, mimi naweka Linux Mint. Mama mmoja anayefundisha shule ya msingi niliiweka kwenye 840 yake. Anaandika mitihani kwa LibreOffice, anachapisha, na swali pekee aliloniuliza ni jinsi ya kubadilisha picha ya nyuma.

Ni wakati gani niache?

Jumlisha bei ya vyote unavyotaka kubadilisha. Kama jumla inakaribia nusu ya bei ya mashine ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha nane, mfano ThinkPad T480, nunua hiyo. SSD na RAM karibu kila mara zinalipa. SSD, RAM, betri, skrini na bawaba kwa pamoja, hapana. Mazabodi ikishachomwa na umeme, ukaambiwa "tunaichoma tena, itakaa", iuze kama spea.

Nimefunga kila kitu, sasa haiwaki kabisa.

Tulia. Mara nyingi ni RAM haijakaa. Toa vipande vyote, sugua meno ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, futa, rudisha kimoja tu. Ikiwaka, ongeza cha pili. Isipowaka, hamisha sloti. Ukiwa umeweka RAM mpya, skrini inaweza kukaa nyeusi kwa nusu dakika mara ya kwanza wakati mashine inaipima. Wengi huizima hapo hapo.

Imewaka. Lakini imebaki skrubu moja.

Ipime urefu na zile ulizokwisha kuzifunga. Ikiwa si fupi kuliko zote, huenda ni ya kifuniko cha chini na haitaleta madhara, itafute tundu lake. Ikiwa ni fupi kuliko zote kwenye mchoro wako, basi ile ndefu iliyopaswa kuwa mahali pengine umeifunga kwenye tundu la fupi, na sasa hivi inasukuma kitu kwa ndani. Izime na uifungue tena.